Jina la Aliyetoa Ng'ombe

Siku Hakorimana aliponyamaza, kijiji kizima cha Muheto kilimsikia.

Ilikuwa Jumamosi ya chumvi. Mara moja kwa mwaka Kanyamibwa, mwenye ng'ombe wengi kuliko mtu yeyote katika vilima vile, aliwaita watu wote aliowapa ng'ombe waje kunywesha mifugo yao maji ya chumvi uwanjani kwake. Kwa chumvi yenyewe hakutoza kitu. Alichotaka ni kile ambacho kila mtoa ng'ombe alikitaka tangu zamani za mababu: kila aliyepewa asimame, ainue fimbo yake, aape kwa jina la aliyempa. "Kanyamibwa alinipa ng'ombe." Wafugaji wa Masisi waliapa hivyo wakistuka, waliapa hivyo wakitaka kusadikiwa, na mtu aliyesahau jina la mtoa ng'ombe wake alionekana kama aliyesahau jina la baba yake.

Mwaka ule uwanja ulikuwa na wageni. Chefu, mtawala wa eneo lile, alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha kukunja, na pembeni yake mzungu wa serikali aliyekuja kwa mambo ya chanjo. Kwa hiyo Kanyamibwa alitaka majina yaitwe kwa sauti.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Paul, mwalimu wa kanisa. Huyu ndiye aliyehubiri Jumapili, na saa za jioni aliwafundisha watu wazima kusoma. Miezi miwili tu kabla ya hapo aliwasomea wanafunzi wake kwamba Bwana alikataza kuapa kabisa, si kwa mbingu, si kwa dunia. Akawasomea na ya nabii: kwamba Mungu atasimamisha ufalme usioanguka, na siku hiyo mtu atakula alichopanda mwenyewe, wala hatajenga nyumba akalala mwingine. Hakorimana aliinua mkono siku ile akauliza kama kiapo cha ng'ombe nacho ni kiapo. Paul alimjibu kwamba kuapa ni kuapa. Hakorimana alirudi nyumbani na jibu hilo kama mtu aliyebeba yai.

Sasa Paul alisimama, akarekebisha koti lake, akainua fimbo. "Kanyamibwa alinipa ng'ombe," alisema, na mwangwi wa kilima ukarudisha maneno.

Hakorimana alikuwa wa tisa. Mke wake Daphrose, aliyesimama upande wa wanawake na mtoto mgongoni, aliona jinsi alivyovua kofia, akajua. Uwanja ulingoja. Ng'ombe mmoja alikohoa. Hakorimana hakuinua fimbo. Alisimama tu kimya, mpaka walio nyuma wakaanza kunyoosha shingo.

"Papa Kanyamibwa," alisema mwishowe, kwa upole, kama anaongea na mgonjwa, "ninakushukuru. Ile ng'ombe Gaju inatulisha mimi na mama na mutoto, na kila siku ninakuombea. Lakini kuapa nimeacha. Niko nangojea Mufalme moja, na yeye njo alikataza."

Mzungu aliuliza yule mtu anasema nini. Chefu alimwambia kwa kifupi kwamba anangojea mfalme. Basi nyuso za wageni zikabadilika. Tangu mambo ya Walikale, ambapo watu walishika mikuki wakisema ufalme umefika na askari wakaja na bunduki, neno hilo halikutamkwa mbele ya serikali. Paul alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Angeweza kueleza kwamba ni somo la kanisani, kwamba hakuna mkuki. Aliangalia viatu vyake.

Kanyamibwa alicheka bila kufungua meno. "Sawa," alisema. "Umungojee basi, na kikombe mukononi."

Watu walicheka sana. Walikuwa na ng'ombe zake.

*

Jumatatu asubuhi walikuja watatu: wachungaji wawili wa ng'ombe wa Kanyamibwa na polisi wa chefu. Walifanya safari moja kwa kazi mbili. Polisi alimchukua Hakorimana kwa siku kumi na tano za kuvunja mawe kwenye barabara ya Nyabiondo, kwa kosa la kusema maneno ya ufalme mbele ya serikali. Wachungaji walimchukua Gaju.

Gaju alikuwa ng'ombe wa rangi ya udongo, mwenye pembe moja iliyopinda, na ndama wake alikuwa wa miezi minne. Watu wazima walijua desturi: anayenyang'anya ng'ombe humwachia mtu walau ndama, kwa ajili ya nyasi alizolishwa na usiku aliolindwa. Daphrose aliwakumbusha. Mchungaji mmoja alimjibu kwamba desturi ni ya watu wenye kufuata desturi, na akamfunga ndama kamba nyuma ya mama yake. Mwenzake aliinama mlangoni, akachukua kibuyu cha maziwa ya asubuhi, akanywa yote amesimama, akapangusa midomo.

"Maziwa ya Kanyamibwa," alisema, akarudisha kibuyu mahali pake, taratibu, kama mgeni mwenye adabu.

Daphrose alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ziwa lake lilikuwa limekauka, na Sidonie, mtoto wake wa miezi kumi, alikuwa akiishi kwa maziwa ya Gaju. Alishindwa uji wa mtama, aliutapika. Alishindwa maji ya maharage. Jumatatu ile hadi jioni alilia kwa sauti ya kawaida ya mtoto. Jumanne sauti ilikuwa imepungua, na hiyo ndiyo iliyomtisha mama yake.

Zizi la nyumba ile, kama mazizi yote ya wafugaji, lilikuwa na moto wake katikati, moto wa moshi wa kufukuza nzi, usiozimwa maadamu kuna ng'ombe. Jirani mmoja alipita akamwambia Daphrose auzime sasa, kwa sababu moto katika zizi tupu ni mkosi. Daphrose alitia samadi kavu juu ya makaa, moshi ukapanda. Hakujua kwa nini. Alikuwa na hasira tu, na hasira ilitaka kazi ya mikono.

Alimkasirikia Kanyamibwa, na Paul, na mzungu aliyeuliza swali moja na kuharibu nyumba ya watu kisha akaendelea na chanjo yake. Lakini zaidi ya wote, na hilo lilimwumiza, alimkasirikia mume wake. Si kwamba hakuuamini ufalme. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma darasa lile lile, kidole chini ya kila neno, na mahali pa nabii aliweka unywele wa mkia wa Gaju ili asipapoteze. Aliamini kwamba siku ile itakuja kama anavyoamini kwamba mvua itakuja Septemba. Lakini Septemba haijafika, na mtoto anakunywa leo.

*

Jumanne alasiri alipanda kwa Drocella, mke wa Kanyamibwa. Kanisani waliketi mkeka mmoja. Drocella alimshika Sidonie, akamwonea huruma kweli, akasema mtoto amekuwa mwepesi kama kikapu. Akamimina maziwa kwenye kikombe cha bati, nusu, akaongeza maji. Sidonie alikunywa akishika kikombe kwa mikono yote miwili.

Alipomaliza, Drocella hakukipokea kikombe. Alimwambia Daphrose akitupe kule nyuma ya nyumba, maana papa hatakubali kikombe kilichotumiwa na watu wa maneno yale kirudi katika vyombo vyake. Alisema hivyo bila ubaya, kama anavyosema mtu kwamba kuna matope njiani.

"Mama Sidonie, sikiya," alisema. "Hii jambo iko ndogo. Siku ya Mungu, kisha ibada, ukuje uwanjani. Wewe mwenyewe, na mutoto. Uape kwa jina ya papa, na Gaju inarudi. Nilimuomba juu yako. Amekubali."

"Mwanamuke haapi kwa ng'ombe."

"Wewe utaapa. Watu watacheka kidogo, kisha watasahau. Mutoto akikufa, utasahau?"

Daphrose alikitupa kikombe. Kilisikika kikigonga jiwe hadi bondeni.

Njiani kurudi alipita kwa Adelaïde. Huyu alikuwa Muhunde, wa kabila la wakulima, mjane, mlimaji wa maharage. Shamba lake lilipakana na malisho ya akina Hakorimana, na mara mbili kwa mwaka waligombana juu ya Gaju kuingia kwenye maharage. Adelaïde alikuwa ameinama akipalilia. Aliinuka, akamtazama mtoto, akasema bila salamu ndefu kwamba mbuzi wake amezaa mmoja tu na maziwa yanabaki. Mama alete chombo.

Daphrose alihisi uso unamwaka moto. Watu wa ng'ombe hawanywi maziwa ya mbuzi. Kwao ni afadhali kula majani. Mtu akiyaonja, walisema, ziwa la ng'ombe wake linakauka, na watoto wake hawapati wachumba. Alijibu kwamba asante, lakini atakausha ng'ombe.

Adelaïde alitazama malisho matupu, kisha akamtazama yeye. "Ng'ombe gani?" aliuliza.

Daphrose alikwenda zake. Adelaïde alimfuata hadi nyumbani na bakuli limefunikwa jani la ndizi, akabisha. Daphrose alimfungia mlango. Alisimama nyuma ya mlango ule, mtoto kifuani, akasikiliza nyayo za yule mwanamke zikirudi, na akajichukia, lakini hakufungua.

*

Alhamisi alimpelekea mume wake viazi barabarani. Wafungwa walikuwa ishirini, wamekaa kwenye mstari, kila mmoja na rundo lake la mawe na nyundo. Polisi alipasua viazi kimoja kimoja kutafuta karatasi ya maneno ya ufalme ndani, akala viwili, akamwachia vingine.

Hakorimana alikuwa na vidole vimepasuka. Aliomba apewe mtoto amshike. Daphrose alikataa kwa sababu ya damu. Alimweleza habari za Drocella kwa maneno machache, akimtazama usoni, akitaka aseme kitu ambacho angeweza kukigombania.

Hakorimana aliweka nyundo chini. Kisha alisema, "Uape, mama. Kama unaona iko vile, uape. Mimi sitakulaumu, na Mungu anaona mutoto."

"Kumbe."

"Njo vile."

"Wewe mbele ya watu unakataa, unakuwa mutu wa Mungu. Mimi ninaapa, ninakuwa mama wa maziwa. Ni vile?"

"Daphrose."

"Ungeniuliza. Mbele ya kuvua kofia ungegeuka kidogo tu uniangalie. Nilikuwa pale."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi Hakorimana alionekana kuwa na aibu. Alisema kwamba alipofunga macho aliona zile herufi tu, moja moja, kama zilivyoandikwa ubaoni kwa Paul. Hakumwona mtu mwingine. Alisema polepole kwamba hilo lilikuwa kosa lake, lakini herufi hazikuwa na kosa.

Polisi alipiga filimbi. Njia nzima ya kurudi Daphrose alijifunza kusema jina la Kanyamibwa. Aliliambia miti, akaliambia mto, akaliambia ng'ombe wa watu. Mara ya kwanza lilimkwama. Alipofika Muheto lilikuwa linatoka vizuri.

*

Jumapili Paul alihubiri juu ya unyenyekevu. Baada ya ibada watu hawakwenda nyumbani. Walishuka wote uwanjani kwa Kanyamibwa, na waliovaa viatu walivivua wasivichafue. Gaju alikuwa amefungwa kwenye nguzo, ndama pembeni. Alipomwona Daphrose alilia. Sidonie, ambaye siku mbili hakuinua kichwa, aliinua kichwa.

Kanyamibwa alikaa kwenye kiti, na karani wa chefu alikaa chini yake na karatasi magotini. Kanyamibwa alizungumza vizuri. Alisema yeye si mtu wa kisasi, kwamba mtoto ni mtoto, na kwamba Gaju anataka kurudi. Daphrose alipewa fimbo. Mtu nyuma alisema kwamba leo tutaona mwanamke mwenye ndevu, na kicheko kikapita.

Aliinua fimbo. Alikuwa tayari.

"Ngoja," alisema Kanyamibwa. "Karani anaandika, tufanye muzuri. Utasema jina yangu. Kisha utasema: ile ufalme mume wangu anangojea haiko, haikuji. Maneno mbili tu."

Hata wale waliocheka waliangalia chini, kwa maana wote walikuwa watu wa kanisa, na wote waliimba juu ya ufalme ule saa moja iliyopita. Daphrose alimtafuta Paul kwa macho. Alimpata chini ya mwavuli.

"Papa Mwalimu," alisema, "nisaidie. Ile ufalme haikuji?"

Paul alikohoa. Alisema kwamba mama Sidonie aelewe, ufalme ni mambo ya mbinguni, na hapa duniani kuna wakubwa. Kila neno lina mahali pake.

"Hukusema vile wakati tulikuwa tunakulimia shamba juu ya kutufundisha," alisema Daphrose. "Ulisema mutu atakula chenye alipanda. Tulilima mahindi yako tukiwa tunafurahi."

Paul alifunga mwavuli, akaufungua tena.

Mtoto alisogea mgongoni. Daphrose alihisi mbavu zake kupitia kitambaa, moja moja. Alimtazama Gaju, ziwa lake limejaa hadi linadondoka lenyewe chini kwenye vumbi, maziwa yakipotea bure mbele ya watu mia mbili, na hasira iliyokuwa ikitafuta kazi juma zima ikaipata.

"Papa Kanyamibwa, jina yako nilikuja kuiita," alisema. "Nilijifunza njiani. Ningeiita mara mia, sina haya tena. Gaju ulinipa wewe, na wewe umeitwaa. Lakini ufalme hukunipa wewe. Siwezi kukurudishia kitu hukunipa."

Aliweka fimbo chini. Hakuitupa, aliilaza mbele ya miguu ya Kanyamibwa kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Karani aliuliza aandike nini. Daphrose aligeuka, na watu wakampisha. Gaju alilia nyuma yake hadi alipopita kona, na kila mlio ulikuwa kama kisu, na hakuna nabii aliyemwambia kwamba amefanya vizuri. Alijua tu kwamba sasa mtoto hana kitu.

Alishuka moja kwa moja kwa Adelaïde. Waliokuwa uwanjani waliweza kumwona toka juu, kilima chote kilikuwa wazi. Akabisha kwenye mlango wa mlimaji, mchana, mbele ya macho ya watu wote wa ng'ombe.

Adelaïde alifungua, akasimama pale na mikono kiunoni. "Jumanne ulinifungia mulango."

"Nilikufungia."

"Na leo?"

"Leo mutoto iko na njaa, na mimi niko na hasira."

"Hasira haikamuliwi," alisema Adelaïde. "Lete kikombe."

Mbuzi alikuwa mweusi, mdogo, mwenye makelele. Maziwa yalitoka machache, yakitoa mvuke. Sidonie alikunywa bila kuuliza kabila la maziwa. Alikunywa akavuta pumzi, akanywa tena, akabaki na ndevu nyeupe, na baada ya muda alijikunja akalala usingizi wa kweli. Ndipo Daphrose alipolia, wala si kwa shukrani tu. Siku tano. Siku tano kikombe hiki kilikuwa hatua mia moja kutoka mlangoni kwake. Alifungua mdomo kushukuru, na desturi ikamponyoka ulimini, akaanza: "Adelaïde alinipa..."

"Ee, usiape," alimkata Adelaïde. "Mbuzi yangu inaogopa makelele. Ukitaka kunishukuru, ng'ombe yako ikirudi siku moja, uichunge mbali na maharage yangu."

Kesho yake alimpa kamba, akamwambia amchukue mbuzi mpaka mtoto wa pili azaliwe.

*

Muheto ilimpa jina jipya, Mama Mbuzi, na watoto walilia "mee" alipokwenda kuteka maji. Kanisani, mkekani, Drocella alisogea nafasi ya mtu mmoja. Daphrose alinyoosha miguu kwenye nafasi ile. Hakuacha kwenda, na wimbo wa ufalme ulipoanzishwa aliimba kwa nguvu hadi Paul akapoteza mahali.

Siku ya kumi na sita Hakorimana alirudi. Toka mbali aliona moshi wa zizi lake, akaanza kukimbia, kwa sababu moshi wa zizi maana yake ni ng'ombe. Alipofika, alikuta moto unawaka vizuri, na kando yake, amefungwa kwenye nguzo ya Gaju, mbuzi mweusi akitafuna. Sidonie alikuwa ameshika pembe ya mbuzi ili asimame.

Aliigusa kamba kwenye nguzo ya Gaju.

"Hukuapa," alisema.

"Sikuapa."

Macho yake yalijaa machozi. Akainua mikono yake iliyopasuka, akaanza kusema kwamba Bwana ni mwaminifu, kwamba siku inakaribia ambapo hakuna mtu atakayenyang'anywa tena.

"Inakaribia," alisema Daphrose. "Ninaamini kama wewe. Lakini usiniombee sasa. Mukamue kwanza."

Kwa watu wa ng'ombe, kukamua ni kazi ya wanaume. Mwanaume hukamua ng'ombe akiwa amechuchumaa, mgongo wima, na kuna heshima ndani yake. Mbuzi ni mfupi. Ili kumkamua mbuzi yule ilibidi mtu apige magoti kwenye samadi na kuinamisha kichwa hadi karibu na ardhi. Hakorimana alitazama njia. Ilikuwa saa ya watu kupeleka maziwa kwa mzungu mwenye kiwanda cha siagi. Walikuwa wakipita mmoja mmoja na mitungi kichwani, na wa mbele walikuwa wamekwisha kusimama kutazama.

Alimtazama mke wake. Safari hii alimtazama. Daphrose alimnyooshea kikombe.

"Kanyamibwa alisema tumungojee na kikombe mukononi," alisema. "Hii hapa. Shika."

Hakorimana alivua kofia, akapiga magoti.